Kushonesha Suti Ukiwa Safarini Bangkok: Mwongozo Kamili wa Kuepuka Hasara

Msafiri anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwenda Bangkok, awe amefuata biashara ya vito, matibabu, mkutano au mapumziko, hukutana na wauza suti kabla siku yake ya kwanza haijaisha. Kando ya barabara ya Sukhumvit na katika vichochoro vinavyotoka humo, vijana waliovaa nadhifu husimama milangoni wakiwaita wapita njia, na kwenye vioo kumebandikwa matangazo ya suti mbili, mashati mawili na tai kwa bei ya pamoja, kazi ikiahidiwa kukamilika ndani ya saa 24. Kwa mtu mwenye harusi mwezi ujao, au anayejua bei ya suti ya kupimwa kwao, ahadi hiyo ina mvuto mkubwa.

Simkatazi mtu kushonesha ugenini. Bangkok ina mafundi hodari, na wapo waliorudi na suti walizozivaa miaka mingi. Hata hivyo, suti ya kupimwa haikamiliki pale futikamba inapokunjwa. Hukamilika baada ya kuvaliwa, kukosolewa, kufumuliwa na kushonwa upya, na mgeni mwenye tiketi ya ndege ndiye mteja ambaye fundi anajua kwamba hatarudi wiki ijayo kudai marekebisho. Karibu kila hasara nitakayoieleza hapa inaanzia kwenye jambo hilo, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kalenda.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako kabla ya kupanda ndege

Usianze kazi hii ikiwa una chini ya siku sita kamili mjini, na ukiwa nazo saba ni bora zaidi. Siku ya kwanza unachagua kitambaa na kupimwa. Siku ya tatu unavaa koti lililopigwa bandi tu, yaani lililoshikizwa kwa nyuzi za muda zinazofumuka kwa urahisi. Siku ya tano unalijaribu likiwa limeshonwa, na siku inayobaki ni ya kusahihisha kilichoonekana. Kwa kulinganisha, washonaji wa Savile Row jijini London hutumia saa zisizopungua 50 za kazi ya mkono kwa suti moja, na mteja husubiri wiki nyingi akiitwa mara kadhaa kujaribu. Hakuna sababu ya kuamini kwamba kazi ya aina hiyo inaweza kubanwa ndani ya usiku mmoja. Kinachowezekana kwa usiku mmoja ni kuchukua kiolezo cha saizi iliyokuwapo tayari, kukirekebisha kidogo kufuata vipimo vyako, na kukikabidhi kwa watu wanaoshona hadi alfajiri.

Desturi hii ya suti ya saa 24 ilipata umaarufu Hong Kong, hasa mtaa wa Tsim Sha Tsui, ambako washonaji waliohama kutoka Shanghai baada ya 1949 na wenzao wenye asili ya India waliwahudumia mabaharia, watalii na wanajeshi wa Marekani waliokuwa mapumzikoni wakati wa vita vya Vietnam. Hoi An, mji wa kale wa Vietnam ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, nao umejaa maduka ya ushonaji yanayofanya kazi kwa haraka. Ukienda huko badala ya Bangkok, tahadhari ni zile zile.

Kabla ya kuondoka fanya mambo mawili zaidi. La kwanza, mtembelee fundi wako wa nyumbani umuulize bei ya suti ya kitambaa kizuri, gharama ya kitambaa peke yake na ujira wake. Bila takwimu hizo huwezi kujua kama unachookoa kinastahili usumbufu. La pili, beba koti moja linalokukaa vizuri kuliko yote uliyo nayo. Koti hilo litamweleza fundi mgeni mambo ambayo maneno yenu machache ya Kiingereza hayatafika.

Hatua ya pili: tafuta duka mwenyewe, usipelekwe

Ujanja wa zamani wa Bangkok, ambao bado unawanasa watu, huanzia karibu na Kasri Kuu. Mtu mwenye heshima zake anakusogelea na kukuambia kwamba kasri limefungwa hadi mchana kwa sababu ya ibada, kisha anakutafutia bajaji, zile wanazoziita tuk-tuk, itakayokuzungusha kwenye mahekalu kwa nauli ndogo isiyoweza hata kulipia mafuta. Katikati ya mzunguko huo dereva anasimama kwenye duka la vito, kisha kwenye duka la suti. Kasri hufunguliwa kila siku, isipokuwa panapokuwa na shughuli za kifalme, na dereva hulipwa na duka kwa kila mgeni anayemfikisha. Kamisheni hiyo inatoka mfukoni mwako, ama kwa bei kuongezwa au kwa kitambaa kupunguzwa ubora. Hali ni hiyo hiyo kwa mpokeaji wa hoteli anayesisitiza duka moja tu.

Ukishaingia mwenyewe katika duka ulilolichagua, fahamu kwamba anayekupokea kwa kawaida ni muuzaji. Anayekata na wanaoshona huwa jengo lingine, na pengine karakana moja hushonea maduka kadhaa yenye majina na bei tofauti. Hilo si kosa peke yake, lakini linakupa haki ya kuuliza maswali matatu: nani atakata kitambaa changu, je, nitaonana naye siku ya kujaribu, na je, mnaweza kunionyesha koti la mteja mwingine likiwa bado kwenye bandi? Duka linalofanya kazi ya kweli halikosi koti la namna hiyo likining'inia mahali, lenye nyuzi nyeupe na alama za chaki. Ukionyeshwa nguo zilizokamilika tu, toka. Usione aibu kwa kuwa umeshapewa soda baridi na kukaribishwa kwa ukarimu. Ukarimu ule ni sehemu ya biashara.

Hatua ya tatu: kitambaa, mahali penye udanganyifu mwingi

Suti ya mtu mzima wa umbo la kawaida hula takriban mita tatu hadi tatu na nusu za jora lenye upana wa sentimita 150. Sufu halisi kutoka viwanda vya Huddersfield huko Uingereza au Biella huko Italia huuzwa kwa makumi ya dola kwa mita. Fanya hesabu hiyo ukiwa umesimama mbele ya tangazo la suti mbili kwa dola 200, na utaona kwamba kitambaa peke yake kingekuwa kimemaliza fedha zote kabla fundi hajashika mkasi. Kinachouzwa kwa bei hiyo ni poliesta au mchanganyiko wenye sufu kidogo, hata kama muuzaji anakiita kashmiri.

Utasikia pia maneno Super 120, Super 150 na kadhalika, yakisemwa kana kwamba namba kubwa ndiyo nguo bora. Namba hiyo hueleza wembamba wa unyuzi wa sufu na si kitu kingine: Super 100 ni unyuzi usiozidi mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Super 120 hauzidi 17.75, na Super 150 hauzidi 16.25. Kadiri unyuzi unavyokuwa mwembamba, ndivyo kitambaa kinavyokuwa laini, na ndivyo kinavyojikunja na kuchakaa mapema. Kwa mtu atakayeivaa suti yake ofisini kila wiki, akikaa ndani ya daladala au matatu kwa saa nzima, Super 100 au 110 itadumu kuliko Super 150. Aidha, neno Super linaweza kuchapishwa kwenye lebo yoyote na mtu yeyote mwenye mashine, kwa hiyo lisikutoshe kama ushahidi.

Ushahidi utaupata kwenye moto. Omba nyuzi chache zilizochomolewa pembeni mwa jora lenyewe, si kwenye kijitabu cha sampuli, kisha zichome kwa kiberiti mlangoni. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika ukiondoa moto, na majivu yake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka, hujikunyata na kuacha punje ngumu nyeusi isiyovunjika. Mchanganyiko utakupa yote mawili, harufu ya nywele pamoja na punje ngumu. Muuzaji anayekataa jaribio hili la nusu dakika ameshakujibu.

Kisha angalia uzito kwa kufikiria utakapoivaa. Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na Muscat zinahitaji sufu nyepesi ya gramu 240 hadi 280 kwa mita, iliyofumwa kwa uwazi kiasi kwamba ukikiinua kitambaa kuelekea taa unaona mwanga ukipenya, na ukikiweka mdomoni na kupuliza unahisi pumzi upande wa pili. Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi wa Julai unaweza kupanda hadi gramu 320 bila kujuta. Poliesta, hata iwe nyepesi namna gani, haipitishi hewa, na bwana harusi anayeivaa ukumbini Mombasa ataloa kabla ya keki kukatwa.

Ukishachagua, kata kipande cha kitambaa hicho, mwombe muuzaji aandike jina lake na tarehe kwenye karatasi iliyobanwa nacho, na ukihifadhi. Kubadilishiwa kitambaa baada ya kuondoka dukani ni malalamiko ya kawaida sana ya wasafiri, na bila kipande hicho huna la kulinganisha.

Hatua ya nne: uliza kilichomo ndani ya koti

Kati ya kitambaa cha nje na bitana, kifuani mwa koti, hukaa kitambaa kingine kinacholipa umbo. Katika kazi bora huwa ni kanvasi ya sufu na manyoya ya farasi, iliyoshikizwa kwa uzi, kwa koti zima au nusu ya juu tu. Katika kazi ya haraka huwa ni kitambaa chenye gundi, kinachobandikwa kwa pasi. Gundi nzuri hukaa miaka, lakini gundi duni huachia kwa joto na unyevu, na kifua cha koti hutokeza malengelenge ambayo hakuna pasi inayoyaondoa. Kwa sisi wa mwambao, ambako unyevu haupungui, kasoro hiyo huja mapema.

Kulichunguza ni rahisi. Shika koti chini ya tundu la kifungo cha chini, kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na bitana kwa mwingine, uvitenganishe taratibu. Ukihisi tabaka la tatu likielea huru katikati, kanvasi imefika hadi huko chini. Ukihisi tabaka mbili tu, ya nje ikiwa nene na kavu kidogo, sehemu hiyo imebandikwa gundi; rudia jaribio kifuani, kwa kuwa kanvasi ya nusu huishia juu. Koti la gundi si haramu, mradi umelilipia bei ya koti la gundi.

Hatua ya tano: andikianeni, kisha lipa kidogo

Maelewano ya mdomo hayana nguvu dukani ambako kesho utapokewa na mtu mwingine. Karatasi ya oda ionyeshe aina ya kitambaa na namba yake, asilimia ya sufu, kanvasi au gundi, idadi ya vifungo, mipasuo ya nyuma, rangi ya bitana, idadi ya majaribio na tarehe zake, bei yote, kiasi ulichotanguliza na kitakachofanyika usiporidhika. Ongeza sharti moja ambalo wengi hulisahau: fundi aache kitambaa cha akiba ndani ya mishono, angalau sentimita tatu nyuma ya kiuno cha suruali, tano kwenye pindo la miguu, na tatu mwishoni mwa mikono. Akiba hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi wa nyumbani kukunusuru.

Tanguliza nusu ya bei au chini ya hapo, na usimalize malipo kabla ya jaribio la mwisho. Ukiweza, lipa kwa kadi, kwa kuwa benki yako inaweza kupokea malalamiko ndani ya muda wake uliowekwa, ilhali fedha taslimu zikishaondoka zimeondoka. Mashine ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au dola, chagua baht, fedha ya Thailand, kwa sababu kiwango cha kubadilishia cha mashine hizo huwa kibaya kuliko cha benki. Pasipoti yako isibaki dukani hata kwa saa moja. Inahitajika kuonyeshwa tu iwapo duka lina alama ya kurejesha kodi kwa watalii, maana kodi ya ongezeko la thamani Thailand ni asilimia 7 na sehemu yake hurejeshwa uwanjani. Fomu hutolewa dukani siku ya kununua, na bidhaa huenda zikatakiwa kuonyeshwa kwa forodha kabla ya kukabidhi mizigo.

Hatua ya sita: kupimwa

Vaa shati na viatu utakavyovaa na suti, toa simu na pochi mfukoni, simama kama unavyosimama siku zote. Usivute tumbo. Asubuhi baada ya safari ndefu mwili huwa umevimba, kwa hiyo lala kwanza. Fundi makini hupima zaidi ya vipimo 20, hutazama bega lipi limeshuka na mgongo umejipinda vipi, na huandika maoni hayo. Anayepima kifua, kiuno na urefu wa mkono tu anatafuta saizi ya kiolezo. Wanawake wana sababu ya kuongeza uangalifu, kwa maana maduka mengi ya aina hii yamezoea kukata koti la kiume na kulibana kiunoni, jambo ambalo si sawa na kukata koti la kike. Mwanamke aombe kuona kazi ya kike iliyokwishafanywa, na apimwe na mwanamke mwenzake iwapo ndivyo anavyoridhia.

Hatua ya saba: majaribio, ambapo suti huokolewa au hupotea

Jaribio la kwanza lazima liwe la koti la bandi. Ukivalishwa koti lililokwisha kushonwa mifuko na bitana, maana yake mabega yameshaamuliwa bila wewe.

Kuna hila moja inayofanyika mbele ya kioo. Fundi husimama nyuma yako, mkono wake ukiwa mgongoni, akalikusanya koti kwa vidole viwili katikati ya mabega. Mbele kifua kinanyooka, kiuno kinaingia, nawe unatabasamu. Akiachia, koti linarudi kuwa gunia. Mwombe asogee hatua mbili, simama peke yako, na mtu apige picha za mbele, ubavu na mgongo. Katika picha hizo tazama yafuatayo bila haraka.

Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Egemea ukuta kwa ubavu: kichwa cha mkono wa koti kikigusa ukuta kabla ya mkono wako, mabega ni mapana mno. Ukosi wa koti ulale juu ya ukosi wa shati bila kuacha mwanya shingoni, shati likichungulia kama sentimita moja. Mkunjo wa mlalo chini ya ukosi, mgongoni, unaonyesha kwamba koti halikufuata mwinuko wa mabega yako. Ukifunga kifungo, mikunjo inayotawanyika kama herufi X ina maana kiuno kimebanwa, na mipasuo ya nyuma ikiachama, makalio yamenyimwa nafasi. Mikono ya koti iache shati lionekane sentimita moja hadi moja na nusu. Kisha kaa, nyoosha mikono kama unayeendesha gari, chuchumaa, panda ngazi. Suti nyingi hukaa vizuri kwa mtu aliyesimama wima tu.

Sema kila kasoro, na uone ikiwekewa chaki au pini. Neno "itakaa baada ya kupigwa pasi" lisipokelewe, kwani pasi haihamishi bega. Kuwa mkali zaidi kwa mambo yasiyorekebishika baadaye: upana wa mabega, ukosi, tundu la kwapa, urefu wa koti. Kiuno, pindo la suruali na urefu wa mikono vinaweza kusubiri, mradi matundu ya vifungo vya mikononi hayajakatwa wazi. Yakishakatwa, mkono haufupishwi wala haurefushwi kirahisi kutokea chini. Hivyo waambie wayaache bila kukatwa hadi jaribio la mwisho.

Hatua ya nane: kuchukua, na pale mambo yanapoharibika

Chukua suti siku moja nzima kabla ya kuruka, iwe mkononi mwako. Duka likisema litaituma nyumbani kwa posta kwa kuwa kazi imechelewa, kataa na udai fedha ulizotanguliza, kwa sababu kifurushi kikifika na kasoro, gharama ya kukirudisha inaweza kukaribia bei ya suti, mbali na ushuru utakaodaiwa kukitoa. Kabla ya kulipa baki, linganisha kitambaa na kipande chako, geuza koti ndani nje, hesabu akiba kwenye mishono, na uombe mabaki ya kitambaa na vifungo viwili vya ziada. Beba risiti yenye bei halisi, kwa maana afisa wa forodha nyumbani anaweza kuuliza thamani, na risiti ya uongo iliyoandikwa kwa nia ya kukusaidia itakunyima pia haki ya kudai.

Duka likikataa kusahihisha lililoandikwa kwenye oda, usipige kelele. Kaa, onyesha karatasi, onyesha picha, na ueleze kwamba utapiga simu kwa polisi wa watalii. Namba yao Thailand ni 1155 na wana wanaozungumza Kiingereza. Mara nyingi kuitaja kwa utulivu kunatosha kumwita mwenye duka kutoka chumba cha nyuma. Usipofanikiwa, andika malalamiko kwa benki iliyotoa kadi yako ukiambatanisha oda, risiti na picha, na ufanye hivyo mapema.

Ukisharudi nyumbani

Ivae suti ndani ya wiki ya kwanza kwa saa kadhaa, si siku ya harusi. Kisha mpelekee fundi wako pamoja na mabaki ya kitambaa. Atakuambia kwa kuitazama tu kama kiuno kinaweza kufunguliwa, na kama bega lililozidi lina tiba au halina. La bega kwa kawaida hugharimu karibu kulishona koti upya.

Iwapo suti imekukaa sawasawa, duka litakuandikia baada ya miezi michache likikushawishi uagize nyingine kwa vipimo walivyohifadhi. Uliza kwanza kama walihifadhi kiolezo cha karatasi kilichokatwa kwa umbo lako, pamoja na masahihisho ya majaribio yote, au namba za futikamba tu. Kama ni namba tu, koti la pili litaanza na kasoro zile zile ulizozisahihisha Bangkok, na safari hii hutakuwa mbele ya kioo kuzionyesha. Kubali ofa hiyo kwa shati au suruali tu, ambazo fundi wa mtaani kwako anaweza kuzirekebisha, na koti lisubiri hadi utakaposafiri tena.